Kati ya Lango la Shule na Orodha ya Mishahara: Historia ya Vipaji vya Michezo Kibaha na Kisarawe

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, zilizo katika Mkoa wa Pwani upande wa magharibi wa Dar es Salaam, hazihesabiwi miongoni mwa machimbuko ya mabingwa wa Tanzania kama zinavyohesabiwa Karatu, Mbulu na Singida katika riadha, au Tanga, Morogoro na Kigoma katika kandanda. Hata hivyo, ni vigumu kupata eneo jingine nchini, lenye ukubwa kama huo, ambako zimejengwa taasisi nyingi kiasi hicho kwa shabaha ya kukusanya vijana wenye uwezo na kuwalea pamoja. Chuo cha misheni kilisimama Minaki wakati wa ukoloni wa Waingereza. Kituo kilichojengwa na nchi za Nordiki kikafunguliwa Kibaha mara baada ya Uhuru. Jeshi la Kujenga Taifa likaweka kambi yake Ruvu. Na mwanzoni mwa karne hii Filbert Bayi, mkimbiaji aliyewahi kushikilia rekodi mbili za dunia, alijenga shule Mkuza, kando ya Barabara ya Morogoro. Medali zilizotokana moja kwa moja na taasisi hizo ni chache. Kilicho kingi ni kumbukumbu ya vijana waliosifiwa wakiwa na miaka 16, ambao walipofika miaka 22 hakuna aliyewataja tena.

Maelezo yanayotolewa mitaani juu ya vijana hao yanajulikana na hayabadiliki sana. Husemwa kwamba kijana alilewa sifa, kwamba starehe za mjini zilimshinda, kwamba hakuwa na nidhamu, au, kwa lugha ya Uzaramoni ambayo hueleweka bila kufafanuliwa, kwamba “kachezewa”, yaani amerogwa na wenye husuda. Maelezo hayo yote, pamoja na lile la mwisho, yana sifa moja inayofanana: yanamtafuta mkosaji ndani ya kijana mwenyewe au nyumbani kwa jirani yake. Historia ya taasisi za Kibaha na Kisarawe inaelekeza macho kwingine, kwenye kipindi kifupi cha miaka mitatu hadi mitano kinachoanza siku mwanafunzi anapotoka kwenye lango la shule na kumalizika siku jina lake linapoingia katika orodha ya mishahara ya mtu fulani, iwe klabu, shirika au jeshi. Pale ambapo kipindi hicho kilikuwa na mtu wa kukigharamia, vipaji vilivuka. Pale ambapo hakikuwa na mwenyewe, vilipotea, na nidhamu ya wahusika haikuwa tofauti sana kati ya hali hizo mbili.

Tatizo hilo si la Uswahilini peke yake, na mchezo mmoja mkubwa wa dunia ulizaliwa kutokana nalo. Raga, mchezo wa kukimbia na mpira wa umbo la yai uliobebwa mikononi, ina matawi mawili, la wachezaji 15 na la wachezaji 13. Tawi la wachezaji 13 lina asili yake katika mkutano uliofanyika tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, ambapo vilabu zaidi ya 20 vilijitoa katika chama cha raga cha nchi hiyo. Ugomvi wao ulihusu fidia ya muda wa kazi. Wachezaji wa kaskazini walikuwa vibarua wa viwanda vya nguo na wachimbaji wa makaa ya mawe, ambao walikatwa ujira kila walipoacha zamu ya Jumamosi ili kwenda kucheza. Vilabu vyao vilitaka kuwalipa kile walichokatwa, lakini viongozi wa kusini, ambao wengi wao walikuwa watu wa shule za kitajiri, waliona kwamba malipo yoyote yangeuchafua mchezo wa ridhaa. Idadi ya wachezaji ilipunguzwa hadi 13 baadaye, mwaka 1906, ila msingi wa utengano ulikuwa ni shilingi za zamu moja. Vilabu vya kaskazini vilikuwa vimekwisha kutambua kwamba kijana maskini mwenye kipaji haangushwi na uvivu, bali na hesabu ya chakula cha nyumbani.

Minaki, juu ya vilima vya Kisarawe, hesabu hiyo haikuonekana mwanzoni kwa sababu ilikuwa imekwisha kulipwa na dola. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia hapo mwaka 1925 kutoka Kiungani, Zanzibar, kikiwa mali ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyokuwa ya Kianglikana na iliyojulikana kwa ufupisho wa UMCA. Kiungani yenyewe ilikuwa imeanzishwa katika karne ya 19 kwa ajili ya kuwasomesha vijana waliokombolewa kutoka utumwani, na wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kucheza kandanda katika kisiwa hicho. Walimu waliohamia Minaki waliubeba mchezo huo pamoja na vitabu vya sala, kwa imani iliyoenea katika shule za Kiingereza za wakati ule kwamba uwanja ni darasa la tabia. Kwa mkondo huo, vijana wa Uzaramo na wa makabila mengine waliokuja kusoma Kisarawe walikutana na mpira wenye ratiba, mwamuzi na jozi za magoli yaliyosimikwa, tofauti na chandimu, yaani mpira wa uwanja wa vumbi usio na idadi maalumu ya wachezaji wala muda wa kumaliza.

Jambo la kuzingatia kuhusu Minaki ni kile kilichomngoja mhitimu. Shule za sekondari zilikuwa chache mno katika Tanganyika ya wakati huo, na serikali ya kikoloni, misheni na makampuni ya biashara yalihitaji makarani, walimu na waganga wasaidizi kuliko shule zilivyoweza kutoa. Kijana aliyecheza vizuri akiwa Minaki, au akiwa kwa majirani zake wa Kikatoliki katika Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha kuanzia 1953 hadi 1955, alitoka shuleni akiwa na ajira karibu ya uhakika, na ajira hiyo ilikuwa na saa za kumaliza, nyumba au posho ya nyumba, na mara nyingi timu. Hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa karani anayecheza, na ukarani ndio uliompa jioni za mazoezi. Mfumo huo uliwabagua wengi, kwani haukumgusa kijana wa Maneromango au wa Mzenga aliyebaki akilima mihogo na kuchoma mkaa, wala haukumjali msichana. Wachache uliowachukua, hata hivyo, haukuwaacha njiani.

Kibaha ilikuja na matumaini mapana zaidi. Mwezi Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, serikali ilitia saini makubaliano na Denmark, Finland, Norway na Sweden ya kujenga kituo kimoja chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya, na mwaka 1963 Nyerere alikifungua. Kituo hicho, kilicho takriban kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, kilikabidhiwa kwa Tanzania mwezi Januari 1970 na kuitwa Shirika la Elimu Kibaha, jina linalotumika hadi leo. Watu wa Nordiki walitoka katika nchi ambazo michezo ya wananchi ilikuwa sehemu ya harakati za vyama vya wafanyakazi, elimu ya watu wazima na afya ya umma, na uwanja wa michezo kwao haukuwa pambo la shule. Viwanja vya Kibaha vilikuwa na ubora ambao shule nyingi za nchi hazikuwa nao, na katika miongo iliyofuata vimewahi kupokea mashindano ya kitaifa ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, ambayo huwakutanisha wanafunzi wa kanda na mikoa yote.

Hata hivyo, neno “kipaji” lilichukua maana nyingine Kibaha. Shule ya Sekondari Kibaha iliwekwa pamoja na Ilboru, Mzumbe, Tabora na nyingine chache katika kundi la shule maalumu za vipaji, ambazo hupokea watoto waliofaulu zaidi katika mitihani ya taifa. Kwa lugha ya Wizara ya Elimu, mwenye kipaji akawa ni mwenye alama. Mwanafunzi wa Kibaha mwenye miguu ya ajabu alikuwa kwanza mwanafunzi wa fizikia na hesabu, na wazazi wake, walimu wake na yeye mwenyewe waliuona mchezo kama mapumziko ya kabla ya chuo kikuu. Wengi wa vijana hao hawawezi kuitwa vipaji vilivyopotea, kwa kuwa walikuja kuwa madaktari, wahandisi na viongozi wa umma; Jakaya Kikwete, aliyesoma hapo katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, alikuja kuwa Rais wa nchi. Ni haki kusema kwamba walichagua, na kwamba walichagua vema. Bali inafaa kukumbuka pia kwamba shule iliyokuwa na viwanja bora ndiyo iliyokuwa na wanafunzi wenye sababu chache zaidi za kuendelea kuvitumia baada ya kidato cha sita.

Mtu ambaye jina lake limefungamana na Kibaha kuliko mwanamichezo mwingine yeyote hakuzaliwa wala kusoma hapo. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953 na alikulia kimichezo ndani ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1500, na tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alifanya jambo ambalo wakimbiaji wa masafa hayo waliaminishwa kwamba haliwezekani: alitangulia tangu mlio wa bastola, akaongoza mizunguko yote bila kujificha nyuma ya mgongo wa mtu, na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia iliyofuta ile ya Jim Ryun wa Marekani ya mwaka 1967. John Walker, kijana wa New Zealand aliyemfuata mbele ya mashabiki wa nyumbani, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Bayi alikuwa na miaka 20. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, aliongeza rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, na ingawa Walker aliivunja mwezi Agosti mwaka huo huo kwa kuwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50, dunia ya riadha ilianza kuhesabu miezi ya kusubiri wawili hao wakutane katika Olimpiki ya Montreal, Julai 1976.

Hawakukutana, na sababu ilikuwa raga. Timu ya taifa ya New Zealand ya mchezo huo, ile ya wachezaji 15, ilikwenda kuzuru Afrika Kusini ya makaburu katika majira yale yale ambayo polisi walikuwa wamewapiga risasi wanafunzi wa Soweto, mauaji yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand ifukuzwe Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki na kwamba jambo hilo haliihusu. Tanzania, ambayo ilikuwa mwenyeji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na ambayo haikuwa na desturi ya kuuza msimamo wake kwa bei ya medali, ilikuwa mstari wa mbele katika kususa, na mataifa karibu 30 yalikosekana. Walker alichukua medali ya dhahabu katika mbio za polepole ambazo Bayi, kwa mtindo wake wa kutangulia, asingeziruhusu ziwe hivyo. Uamuzi wa Tanzania ulikuwa sahihi kisiasa na kimaadili, na kwa kijana mmoja wa miaka 23 uligharimu kilele ambacho miguu haikirudii. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, wala hakuna haja ya kulificha moja ili lingine lipendeze.

Kinachoshangaza katika maisha ya Bayi ni kwamba hakuzimika. Mwaka 1978 alipata medali ya fedha ya mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza. Mwaka 1980, baada ya Serikali ya Tanzania kukataa kususa Olimpiki ya Moscow, licha ya Marekani kumtuma bondia Muhammad Ali kuja Dar es Salaam kuishawishi, Bayi alikimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Alitangulia kwa kasi ya kutisha, kama kawaida yake, na alipitwa na Bronisław Malinowski wa Poland katika mzunguko wa mwisho. Muda wake wa dakika 8 na sekunde 12.48 ulimpa fedha. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki.

Ukitazama nyuma ya majina hayo, hesabu ya mshahara inaonekana tena. Bayi alikuwa askari. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, alikuwa ofisa wa jeshi. Nyambui alifuata njia nyingine, ya ufadhili wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, ambako alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Katika kandanda, mashirika ya umma yalifanya kazi hiyo hiyo: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza na Ushirika ya Moshi zilikuwa timu za waajiri, na kijana aliyemaliza shule akiwa na kipaji aliandikwa kuwa fundi, mlinzi, karani au mpokea mizigo, akafanya kazi hadi mchana na mazoezi jioni. Wapo waliochukizwa na utaratibu huo wakiuita ajira ya kudanganya, na si uongo kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wakionekana kazini siku ya mshahara tu. Hata hivyo, vilabu vya Huddersfield vya mwaka 1895 vingeuelewa bila mkalimani.

Ruvu, upande wa Kibaha, ni mahali ambapo utaratibu huo ulidumu kuliko kwingi. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa mwaka 1963, lina kambi kubwa hapo, na timu ya Ruvu Shooting, iliyotumia uwanja wa Mabatini, Mlandizi, ilikaa miaka mingi katika Ligi Kuu ikiwa na wachezaji wengi vijana na bajeti isiyolingana hata kidogo na ya vigogo wa Kariakoo, Simba na Yanga. Timu za majeshi huweza kumpa mchezaji kitu ambacho klabu za kiraia zilizo nyingi haziwezi kumpa, nacho ni uwezekano wa kuandikishwa kuwa askari na kubaki na mshahara hata goti likivunjika. Ruvu Shooting ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/2023 baada ya kumaliza mkiani, na kwa vijana wa Mlandizi na vijiji vya jirani kushuka huko kulikuwa na maana zaidi ya aibu ya msimamo wa ligi, kwani ngazi waliyokuwa wakiiona kila wiki kwa macho ilisogezwa mbali.

Kwingineko ngazi zilikuwa zimekwisha kung’olewa. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 na ubinafsishaji wa miaka ya 1990 viliyaondoa mashirika ya umma katika michezo, kwa kuwa mnunuzi wa kiwanda hakununua timu pamoja na mitambo. Mafunzo ya JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita, ambayo kwa miaka mingi yaliwapitisha vijana hao mbele ya macho ya makocha wa jeshi, yalisitishwa mwaka 1994 na hayakurejeshwa hadi 2013. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wizara ya Elimu ilisimamisha kwa miaka kadhaa michezo ya UMISSETA na ile ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kwa hoja kwamba ilikuwa inawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Huenda hakuna uamuzi mwingine wa kiutawala uliogharimu michezo ya Tanzania zaidi ya huo. Mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati mashindano yaliposimamishwa alimaliza shule ya msingi bila kuonwa na mtu yeyote nje ya kata yake, na makosa ya kizazi hicho yalipojitokeza uwanjani miaka kumi baadaye, lawama iliwaangukia makocha wa timu za taifa.

Pengo la kuonwa lilizaa biashara ya umri. Neno “kijeba”, ambalo katika lugha ya michezo ya Tanzania humaanisha mchezaji aliyevuka umri anaoutaja, linasikika katika kila mashindano ya vijana, na kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha mwaka 2005, ambapo timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilipoteza nafasi iliyokuwa imeipata ya kucheza fainali za Afrika nchini Gambia kwa sababu ya kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Zimbabwe ilikwenda badala yake. Tangu mwaka 2009 Shirikisho la Kandanda la Kimataifa limetumia picha za mfupa wa kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la umri huo ili kuwanasa vijeba, na mwaka 2017 Serengeti Boys ilifika fainali za Gabon kwa sababu ya utata kama huo uliowakuta wapinzani wao wa Kongo. Huko walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2 kwa 1, na kutolewa baada ya kufungwa bao 1 na Niger. Miaka miwili baadaye, fainali zilipofanyika Dar es Salaam, walifungwa mechi zote tatu, ya kwanza ikiwa ni ile ya mabao 5 kwa 4 dhidi ya Nigeria.

Udanganyifu ni upande mmoja tu wa suala la umri. Upande wa pili hauna hila yoyote na ndio unaoeleza vizuri zaidi kwa nini wengi wanaong’aa mapema hawang’ai baadaye. Watafiti wa Kanada waliuona katika hoki ya barafuni katika miaka ya 1980, na wengine baadaye wakauona kwa vijana wa raga ya wachezaji 13 nchini Uingereza: makocha wanaoteua watoto kwa mwaka wa kuzaliwa huwachukua zaidi wale waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka huo na wale waliowahi kubalehe, kwa kuwa wana kimo, uzito na mbio kuliko wenzao. Kimo kinachopewa jina la kipaji katika umri wa miaka 14 hufikiwa na wengine katika umri wa miaka 18, na hapo aliyezoea kushinda kwa nguvu hugundua kwamba hakufundishwa kupokea mpira wala kusoma mchezo. Katika uteuzi wa UMITASHUMTA, ambao mara nyingi hufanywa kwa siku moja au mbili na walimu wenye jicho zuri lakini wasio na nafasi ya kumfuatilia mtoto kwa msimu mzima, mwenye mwili ndiye huonekana. Yule mdogo wa Msimbu au wa Soga, ambaye pengine angekuwa bora akifika miaka 20, hurudi nyumbani na mpira wake wa makaratasi.

Ukaribu wa Dar es Salaam, ambao kwa biashara ya mkaa, machungwa na kuku umekuwa neema kwa wilaya hizi, kwa michezo umekuwa na sura mbili. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland hadi 1971, ziko umbali wa safari moja ya daladala kutoka Kibaha au Kisarawe, na kijana hahitaji kuhama mkoa ili aonekane. Matokeo yake ni kwamba huondoka mapema mno. Timu za nyumbani, kama Kiluvya United ya Kisarawe, hubaki kituo cha kupita, na kijana wa miaka 18 anayesajiliwa na klabu kubwa huenda akatumia misimu miwili akisugua benchi, yaani akikaa akiba bila kucheza, nyuma ya wachezaji wa kigeni wenye uzoefu, kisha akatolewa kwa mkopo, na kurejea mtaani akiwa na miaka 22, jezi tatu na pikipiki. Kandanda haina adui mkubwa kama kutocheza, na klabu inayomlipa kijana bila kumchezesha humdhuru karibu sawa na ile inayomchezesha bila kumlipa. Baadhi hurudi kwenye ndondo, yaani mashindano ya mitaani yanayodhaminiwa na wafanyabiashara na wanasiasa, ambako hulipwa kwa mechi na huitwa mamluki. Wengi huendesha bodaboda kwenye vituo vile vile walikopandia gari siku ya kwanza.

Kwa wasichana, historia ya kupotea ilikuwa fupi na kali zaidi. Mpira wa pete ulikuwa kwa muda mrefu karibu mchezo pekee waliotengewa shuleni, na kwa miongo mingi mwanafunzi aliyepata ujauzito alifukuzwa bila njia ya kurudi katika mfumo rasmi, hadi Serikali ilipobadilisha utaratibu huo mwezi Novemba 2021. Mwaka uliofuata timu ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India baada ya kuifunga Ufaransa 2 kwa 1, na ikatolewa na Colombia. Haikosi maana kwamba miongoni mwa klabu zenye nguvu za wanawake nchini ipo JKT Queens, timu ya jeshi, ambapo ahadi ya ajira huandamana na jezi.

Shule za Filbert Bayi, Mkuza, zilijengwa na mtu aliyeziona njia zote hizo kwa miguu yake. Baada ya kustaafu mbio alitumikia Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi akiwa Katibu Mkuu, na shule hizo zimewahi kutumika kama kambi ya timu za taifa zilizokuwa zikijiandaa kwa michezo ya kimataifa, kwa kuwa zina mabweni, viwanja na utulivu ambao mji mkubwa hauna. Mpango wake ni wa busara, kwani huunganisha masomo na mazoezi ndani ya uzio mmoja. Lakini shule, hata iwe nzuri namna gani na hata ikiwa na jina kubwa mlangoni, ina kidato cha mwisho. Mwanafunzi anayetoka Mkuza hukuta nje ya lango barabara ile ile anayoikuta mwenzake wa Minaki ya leo: malori yanayoelekea Morogoro, vibanda vya vocha, na hakuna karani wa shirika anayengoja kumwandika.

Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mwanajeshi mwenye umri wa miaka 33, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kwa tofauti isiyofika nusu sekunde dhidi ya Amanal Petros wa Ujerumani, na kuwa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mashindano hayo, miaka minane baada ya shaba yake ya London. Muda wa Bayi wa Christchurch, kwa upande wake, ulidumu kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola katika mita 1500 kwa miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipouvunja mjini Birmingham mwaka 2022. Nchini Tanzania, dakika 3 na sekunde 32.16 zilizokimbiwa na askari wa miaka 20 mwaka 1974 bado ndizo rekodi ya taifa.